Ukatili kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu, Nakuru na Magharibi

Maswali haya huulizwa tena na tena na wauguzi, walinzi, vibarua wa maua na chai, wahudumu wa baa na wanawake wa samaki. Yamepewa nambari ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine. Mengine yanahusu kanuni mpya za kuzuia ukatili kazini, ambazo tunadai serikali itunge.

## Mambo ya msingi

1. Ukatili kazini ni mpaka mtu apigwe?

La. Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa Geneva Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unahesabu tabia na vitisho vyovyote vinavyolenga kumdhuru mtu au vinavyoweza kumdhuru kimwili, kiakili, kingono au kiuchumi. Haijalishi ni mara moja au kila siku. Supavaiza anayemwambia kibarua "ukikataa, kesho jina lako halitakuwa kwenye listi" ameshafanya ukatili, hata kama hajamgusa. Mteja aliyerusha chupa ikakosa amefanya ukatili pia.

Bosi mkali ni suala jingine. Kukosolewa kazi, kupewa barua ya onyo yenye sababu au kubadilishiwa zamu kwa utaratibu si ukatili. Kutukanwa mbele ya wenzako kila asubuhi kazi zinapogawanywa ni ukatili.

2. Likinipata nje ya geti, bado ni la kazini?

Kwa mujibu wa Mkataba 190, ndiyo: njiani kwenda na kurudi kazini, kwenye nyumba uliyopewa na mwajiri, chooni, chumba cha kubadilishia nguo, semina, hata kwenye ujumbe wa simu kuhusu kazi. Sheria za Kenya hazijafika huko kwa maneno yaliyo wazi, ndiyo maana jambo hili limo katika madai (swali la 18). Anayetoka zamu saa nne usiku akitafuta bodaboda gizani anajua kwa nini njia inahesabiwa.

3. Ni kazi zipi zilizo hatarini zaidi huku kwetu?

Hospitali zinatangulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi, na wengi zaidi hutukanwa au kutishwa. Kasualti, wodi ya kina mama usiku na dirisha la malipo ndipo mambo huwaka.

Mashambani, hatari iko kwa yule mwenye kalamu ya kuandika nani atafanya kazi. Uchunguzi wa BBC uliotangazwa Februari 2023 ulikusanya ushuhuda wa wanawake zaidi ya 70 waliosema walinyanyaswa kingono na wasimamizi katika mashamba ya chai ya Kericho. Maua ya Naivasha yana mpangilio uleule: mikataba mifupi, msimamizi mmoja anayeamua nani aongezewe muda, na grinhausi ambamo hakuna anayekuona. Waongeze walinzi wa usiku, makanga, wafanyakazi wa nyumbani na wahudumu wa baa.

## Sheria iliyopo na pengo lake

4. Sheria si zipo tayari? Kanuni mpya za nini?

Zipo, tena si chache. Lakini nyingi huamka mtu akishaumia, na hakuna hata moja inayomwambia mwajiri waziwazi: andika mpango wa kuzuia ukatili, utekeleze, ukaguliwe.

Anza na kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, baada ya kushauriana nao, atoe sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, ikieleza jinsi ya kulalamika, adhabu, na kwamba jina la mlalamikaji halitatolewa ovyo. Ni kifungu kizuri. Sasa soma kinamtaja nani kuwa mnyanyasaji: mwajiri, mwakilishi wake, au mfanyakazi mwenza. Mteja hayumo. Jamaa wa mgonjwa hayumo. Dereva wa lori anayekuja kupakia mzigo hayumo. Na kinahusu mambo ya kingono pekee. Kofi na matusi havimo.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamgusa mwenye mamlaka anayesumbua mtu kwa kurudiarudia, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Neno la kuangalia hapo ni kurudiarudia: aliyedai mara moja na kukunyima kazi kwa sababu ulikataa atapata pa kutorokea.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ndiyo inayokaribia kinga. Kifungu cha 6 kinamtaka mwenye mahali pa kazi alinde usalama, afya na ustawi wa wote wanaofanya kazi hapo, na afanye tathmini ya hatari. Tatizo ni mazoea. Wengi huisoma kama sheria ya mashine, kemikali na vizima moto. Ripoti ya ukaguzi wa mwaka inaweza kujaza kurasa za nyaya za umeme bila sentensi moja kuhusu kasualti isiyo na mlango wa pili. Kanuni mahususi zingemwondolea mwajiri kisingizio, na zingempa mkaguzi kitu cha kupima.

5. Tuko watu 12 tu. Sheria inatuhusu?

Inawahusu. Idadi ya 20 ni ya sera ya maandishi chini ya Sheria ya Ajira, na ya kamati ya usalama na afya chini ya kifungu cha 9 cha sheria ya usalama. Wajibu wa kulinda wafanyakazi hauna idadi, na kunyanyaswa ni kunyanyaswa hata katika duka la watu watatu.

6. Kenya imeuridhia Mkataba 190?

Hadi mwisho wa 2024 ilikuwa bado, ingawa vyama vya wafanyakazi vimekuwa vikiudai. Uganda iliuridhia 2023. Kuridhia si saini ya waziri tu: chini ya sheria ya 2012 ya kuridhia mikataba, jambo hupita Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Kitaifa baada ya kusikiliza maoni ya umma, ndipo hati ipelekwe Geneva. Hata hapo mkataba huanza kuibana nchi miezi 12 baada ya hati kusajiliwa.

Kusubiri mkataba ndipo kanuni zidaiwe ni kujichelewesha. Waziri wa Leba tayari ana mamlaka ya kutunga kanuni chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

7. Nchi nyingine zimefanyaje?

Mfano ulio rahisi kuiga ni wa jimbo la California, Marekani. Tangu tarehe 1 Julai 2024, sheria iitwayo SB 553 inawataka waajiri wengi wawe na mpango wa maandishi wa kuzuia ukatili, mafunzo ya kila mwaka, na daftari la matukio linalohifadhiwa miaka mitano. Hospitali za jimbo hilo zilitangulia kupata kanuni zao. Serikali kuu ya Marekani yenyewe haina kanuni mahususi. Wakaguzi wake hutegemea kifungu cha jumla cha sheria ya 1970, sawa na tunavyotegemea kifungu cha 6 cha sheria yetu ya usalama.

## Ukishambuliwa

8. Nifanye nini saa za kwanza?

Ondoka hatarini kwanza. Kifungu cha 14 cha sheria ya usalama kinakutaka umripotie msimamizi hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri hana ruhusa ya kukurudisha hapo kabla hajairekebisha.

Kisha tibiwa, hata kama jeraha ni dogo, na umweleze daktari kwamba umeumia kazini na umeumizwa na mtu. Maneno hayo yakikosekana kwenye kadi ya matibabu, kampuni ya bima itayatafuta miezi sita baadaye isiyaone. Piga picha za jeraha siku hiyo, na tena baada ya siku mbili, kwa kuwa michubuko huiva polepole.

Kama ni ubakaji au jaribio la ubakaji, usioge wala usifue nguo. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, na mapema ni bora. Nenda hospitali moja kwa moja, polisi baadaye: fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, hujazwa hospitalini. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu na ile ya kaunti mjini Nakuru zina huduma za waathiriwa. Simu 1195, ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo.

9. Polisi wameniambia ni mambo ya kazini, turudi tukaelewane.

Shambulio ni kosa la jinai popote lilipotokea. Kanuni ya Adhabu inaweka hadi miaka mitano kwa shambulio lenye madhara ya mwili. Omba tukio liandikwe kwenye OB (kitabu cha matukio cha kituo), uchukue nambari, kisha fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, ambayo polisi hutoa bure. P3 hujazwa na polisi upande wao na daktari upande wake. Ikirudi na jedwali la majeraha tupu, irudishe kwa daktari kabla hujaiwasilisha.

Ukikataliwa, muulize OCS (mkuu wa kituo), na andika jina la afisa na saa. Maelewano ya kulipwa "pesa ya dawa" ofisini hayazuii kesi, lakini ukitia sahihi karatasi inayosema "nimesamehe" utakuwa umewapa silaha.

10. Nitapata fidia, au hiyo ni ya walioumia kwenye mashine?

Utapata kama jeraha limetokana na kazi na limetokea ukiwa kazini. Muuguzi aliyepigwa na mgonjwa ameumia kazini sawasawa na fundi aliyekatwa kidole. Sheria ya fidia ya 2007, inayojulikana kama WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima, alipe matibabu, na amripotie Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa. Kifo huripotiwa ndani ya saa 24. Ulemavu wa kudumu kabisa hulipwa mshahara wa miezi 96.

Hapa ndipo madai mengi hufia: mwajiri huandika kwenye fomu "aliteleza akaanguka" ili asiulizwe kuhusu usalama. Omba nakala kabla haijatumwa. Ikiwa imeandikwa uongo, andika barua yako mwenyewe kwa ofisi ya usalama na afya ya kaunti, ukiambatisha nambari ya OB.

11. Muda wa kudai unaisha lini?

Fidia ya WIBA: miezi 12 tangu ajali. Kulalamika kwa afisa wa leba kuhusu kuachishwa kazi: miezi 3. Kesi ya ajira mahakamani: miaka 3, ila kwa dhara linaloendelea ni miezi 12 tangu likome. Hiyo ya mwisho ndiyo huwaponyoka watu walionyanyaswa kwa muda mrefu. Wanadhani wana miaka mitatu. Mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi, kesi huanzia kwa hakimu. Zaidi ya hapo, Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo ina vituo Kisumu na Nakuru.

12. Nikisema, watanifuta.

Wakikufuta kwa sababu ulilalamika, kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira hakiihesabu kuwa sababu halali, isipokuwa malalamiko yawe ya kubuni. Mahakama inaweza kukupa hadi mishahara 12. Ila tusidanganyane: kibarua wa mkataba wa miezi mitatu hafutwi, haongezewi tu. Kwa huyo, kinga ya kweli ni kulalamika kwa maandishi kabla mkataba haujaisha, kupitia mwakilishi wa chama, pamoja na wenzake waliopatwa na jambo lilelile. Mkataba ukikatika wiki mbili baada ya barua, tarehe zitasema.

Ujumbe wa WhatsApp usiufute. Piga picha ya skrini inayoonyesha nambari na tarehe, na uitunze simu yenyewe, kwani ushahidi wa kielektroniki huhitaji cheti mahakamani kueleza ulivyotolewa.

## Kinga kazini

13. Mpango wa kuzuia ukatili unakuwa na nini ndani?

Kwanza ramani ya hatari, iliyotengenezwa kwa kutembea mahali pote pamoja na wanaofanya kazi hapo, mchana na tena usiku. Usiku ni lazima, kwa sababu taa iliyoungua na geti la nyuma lisilofungwa havionekani saa nne asubuhi.

Kwa kasualti ya hospitali ya kaunti, mambo ya kuangalia ni kama haya: mgonjwa mmoja anaingia na jamaa wangapi; meza ya muuguzi iko kati ya mlango na mgeni, au muuguzi amebanwa kwenye kona; mikasi na vyuma vya dripu viko wapi; chumba cha kupeana habari za kifo kina milango mingapi. Habari za kifo zipeanwe na watu wawili, wakiwa wamesimama au kuketi upande wa mlango, na mlinzi awe ameshaambiwa. Muda wa kusubiri uandikwe ubaoni na uelezwe upya kila baada ya nusu saa, kwani fujo nyingi huanza na mtu aliyekaa saa tatu bila kuambiwa lolote.

Shambani hatari ni nyingine, na dawa yake ni kumnyang'anya mtu mmoja uamuzi. Listi ya vibarua ibandikwe kwa utaratibu unaojulikana, kuongezewa mkataba kuamuliwe na watu wawili au zaidi, na anayepima chai asiwe yule anayepokea malalamiko.

14. Daftari la matukio liandikweje?

Tarehe, saa na mahali hasa ("dirisha la pili la famasia", si "hospitalini"). Aliyefanya ni nani kwa aina: mgonjwa, jamaa, mteja, mwenzako, msimamizi. Kilichotangulia. Kilichotokea, kwa maneno yaliyosemwa. Jeraha. Hatua iliyochukuliwa, na nani atarekebisha nini kufikia lini. Vitisho na makofi yaliyokosa yaandikwe pia. Jina la mwathiriwa likae kwenye faili tofauti, ili daftari liweze kusomwa na kamati nzima.

Daftari likifungiwa ofisini mwa metroni, zamu ya usiku haiandiki. Liwekwe pale wafanyakazi wa zamu zote wanapolifikia.

15. Tuliwekewa king'ora na mlinzi, bado tunapigwa. Kwa nini?

Fuata waya. King'ora hulia wapi? Mara nyingi ni katika ofisi ya msimamizi, ambayo saa kumi na moja imefungwa. Mlinzi naye ameajiriwa kulinda geti na magari. Mkataba wake haumtaki aingie wodini, na hakufundishwa kumtuliza mtu. Dai mambo matatu: king'ora kijaribiwe kila wiki usiku na matokeo yaandikwe, kazi ya ndani iingizwe kwenye mkataba wa kampuni ya ulinzi, na muda wa kufika upimwe kwa saa. Ikiwa mlinzi huchukua dakika sita kutoka geti hadi wodi ya wazazi, basi hapo hakuna mlinzi.

## Kuisukuma serikali

16. Kanuni zinatungwa na nani, na sisi tunaingilia wapi?

Waziri wa Leba huandaa rasimu, umma hushauriwa, kanuni huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi, kisha hupelekwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Zisipofikishwa, hufa. Bunge pia linaweza kuzifuta.

Nafasi yenu kubwa ni wakati wa maoni. Peleka maoni ya kifungu kwa kifungu: "kifungu cha 4 kiongezwe maneno haya". Barua ya kurasa tano za uchungu husomwa na kuwekwa kando. Sentensi iliyo tayari kunakiliwa huingia kwenye rasimu. Tumia hesabu za daftari lenu (swali la 14).

17. Ombi la Bunge linaandikwaje?

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki hiyo. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Litaje hatua mlizokwisha kuchukua na majibu mliyopata, na kama jambo liko mahakamani au la. Mwishoni mseme mnaloomba, kisha majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au alama za vidole. Ukurasa wa sahihi usio na kichwa cha ombi huleta shaka kwamba sahihi zilikusanywa kwa jambo jingine. Rudia kichwa kila ukurasa.

Bunge la kaunti nalo hupokea maombi. Sheria ya leba ni ya kitaifa na kaunti haiwezi kuibadilisha, lakini kaunti ndiyo mwajiri wa wahudumu wa hospitali zake na ndiyo inayopanga bajeti ya taa, uzio na walinzi. Ombi la taa lipelekwe huko, si Nairobi.

18. Tudai nini hasa?

Kwa maoni yetu, manne yakipatikana mengine yatafuata: mpango wa maandishi kwa kila mwajiri bila kujali idadi, ukatili wa watu wa nje (wateja na jamaa) utajwe kwa jina, daftari la lazima linalokaguliwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, na usafiri au mpango wa usalama kwa zamu zinazoisha usiku. Adhabu kubwa tunaziweka nyuma. Mwajiri haogopi faini ya milioni asiyowahi kuona ikitozwa; anamwogopa mkaguzi atakayerudi Jumanne.

## Hali ngumu

19. Aliyenipiga ni mgonjwa wa akili. Ni haki kumshtaki?

Kumshtaki ni jambo moja, kuandika tukio ni jingine. Liandike na udai fidia hata kama humlaumu. Tukio lisipoandikwa, wodi itabaki na muuguzi mmoja usiku, na mwingine atapigwa.

20. Nauza samaki ufuoni. Mvuvi anataka mwili ndipo aniuzie. Nina mwajiri gani wa kumshtaki?

Huna, na hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote ya ukanda wa ziwa. Jaboya, yaani mvuvi wa namna hiyo, si mwajiri wako, kwa hivyo Sheria ya Ajira haikufikii. Mkataba 190 unataja sekta isiyo rasmi waziwazi. Kwa sasa njia iliyopo ni kamati ya usimamizi wa ufuo: sheria ndogo za ufuo zinaweza kutaka samaki wauzwe kwa mizani mahali pa wazi, na boti inayokiuka inyimwe nafasi ya kutia nanga. Vikundi vya wanawake vinavyomiliki boti zao hupunguza utegemezi huo, mradi boti iwe na fedha za ukarabati. Injini ikiharibika bila akiba, mnarudi palepale.

21. Mume wangu anakuja kunifanyia fujo kazini. Bosi anasema ni ya nyumbani.

Chini ya sheria ya 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani, mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia asikuvizie mahali unapofanya kazi. Mpe mwajiri nakala ya amri na picha ya mtu huyo iwekwe getini. Omba pia simu ya ofisini isimjibu kuhusu zamu zako.

22. Nimeajiriwa na kampuni ya usafi, lakini nafanya kazi hospitalini. Nani anawajibika?

Wote wawili. Wajibu wa kifungu cha 6 cha sheria ya usalama uko kwa mwenye mahali, kwa kila anayefanya kazi hapo. Fidia iko kwa mwajiri wako. Ripoti kwa maandishi kwa wote siku moja, la sivyo kila mmoja atakutuma kwa mwenzake.

23. Anayeninyanyasa ni mwenye kampuni. Niache kazi?

Usiondoke kimyakimya. Mahakama zetu hutambua kuacha kazi kwa kulazimishwa, lakini hutafuta barua inayosema sababu. Andika ulichofanyiwa, lini, ulimwambia nani, na kwamba mazingira hayo yamekufanya ushindwe kuendelea. Ukiandika tu "naacha kwa sababu za kibinafsi, asante kwa nafasi", barua hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza na wakili wa upande wa pili. Mpelekee afisa wa leba nakala, agonge muhuri wa kupokea.